Kutembelea Sundarbans, Msitu wa Mikoko wa Chui Milia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali ambayo wasafiri wa Afrika Mashariki huyauliza tena na tena kabla ya kukata tiketi. Tumeyapanga kuanzia yale ya kawaida hadi yale yanayowahusu wachache. Jibu likiwa limeshatolewa kwingine, tumekuelekeza huko.

## Mambo ya mwanzo

Sundarbans iko wapi?

Iko kwenye delta ya mito Ganges, Brahmaputra na Meghna, pale maji yake yanapoingia Ghuba ya Bengal. Msitu mzima una takribani kilomita za mraba 10,000. Sehemu kubwa, kama asilimia 60, iko Bangladesh. Iliyobaki iko India, katika jimbo la West Bengal, kusini mwa jiji la Kolkata. Hakuna msitu mwingine wa mikoko ulioshikana mkubwa kama huu duniani.

Upande wa India ulitangazwa hifadhi ya chui milia mwaka 1973, ukiwa miongoni mwa hifadhi tisa za kwanza za mpango wa taifa wa kumwokoa mnyama huyo. Mwaka 1984 sehemu ya ndani ikawa hifadhi ya taifa, na 1987 ikaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Upande wa Bangladesh uliingia kwenye orodha hiyo hiyo mwaka 1997.

Ni kama mikoko yetu ya Rufiji au Lamu?

Mtu wa pwani atajiona nyumbani kwa dakika kumi za kwanza. Harufu ya tope ni ile ile, kaa wenye gando moja kubwa wapo, na miti mingi ina ndugu zake kwetu: goran ya kule ni jamaa ya mkandaa, keora ni jamaa ya mlilana, na sundari, mti maarufu kuliko yote huko, ni ukoo mmoja na msikundazi. Mizizi ya sundari huchomoza juu ya tope kama vigingi vilivyopigwa chini kichwa juu, maelfu kwa maelfu, na hakuna anayekatiza hapo kwa miguu bila kujuta.

Tofauti inakuja kwenye ukubwa na wakazi wake. Delta ya Rufiji, ambayo ndiyo mikoko mikubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki, ina hekta takribani 50,000. Sundarbans ni kama mara ishirini ya hapo. Tena kwetu mkata boriti humwogopa mamba, na kwa Rufiji kiboko. Kule mkata kuni humwogopa mamba, halafu anageuka kutazama nyuma yake.

Kuna chui milia wangapi?

Hesabu ya India ya mwaka 2022 ilikadiria takribani 100 upande wao. Bangladesh ilipata 114 mwaka 2018, na hesabu iliyotangazwa mwaka 2024 ikafikia 125. Wanahesabiwa kwa kamera zinazofungwa kwenye miti na kujipiga zenyewe mnyama anapopita. Milia ya kila mmoja ni tofauti na ya mwenzake, kwa hiyo wataalamu huwatambua mmoja mmoja kwa picha.

Je, nitamwona?

Huenda usimwone. Tunalisema mapema kwa sababu ndilo swali linaloharibu safari nyingi: mtu aliyezoea Serengeti au Maasai Mara, ambako simba analala kando ya barabara na magari kumi yamemzunguka, anafika hapa akitarajia hivyo hivyo. Hapa hakuna barabara wala gari. Unaona ukingo wa tope, ukuta wa majani, basi. Chui milia anaweza kuwa mita tano ndani ya majani hayo akikutazama, nawe ukapita ukipiga picha ya ndege.

Utakachokiona karibu kwa uhakika ni nyayo. Maji yakishapwa, tope huwa laini kama uji mzito na kila kilichopita kimeandikwa humo: kwato za swala madoa, mburuzo wa mkia wa mamba, na siku nyingine alama za duara, pana kama sahani ya chai, zikishuka hadi majini na kuanza tena ng'ambo. Mwongozaji atakuonyesha kama kingo za alama bado ni kali au zimeanza kujaa maji. Zikiwa kali, boti nzima hunyamaza bila kuambiwa.

Wanyama wengine ni rahisi zaidi: swala madoa, nguruwe pori, kima, kenge wakubwa, fisi maji, mamba wa maji chumvi wakiota jua, pomboo wa mtoni, na mdiria wa rangi nyingi kiasi kwamba wapenzi wa ndege huja kwa ajili yao tu. Ukienda kwa ajili ya msitu na maji, chui milia akija ni ziada. Ukienda kwa ajili yake peke yake, jiandae kurudi umenuna. Namna ya kuongeza bahati yako imeelezwa kwenye majira na maji, hapa chini.

Kwani Afrika hatuna chui milia?

Porini hatuna, na hatujawahi kuwa nao. Ni mnyama wa Asia. Chui wetu wa madoa ni mnyama mwingine.

## Majira na maji

Miezi gani ni mizuri?

Novemba hadi Februari. Hewa ni kavu, mbu ni wachache, na kwa kuwa asubuhi ni baridi, chui milia hutoka mara nyingine kuota jua kwenye tope. Usidharau baridi hiyo. Mtu wa Tanga au Mombasa akikaa mbele ya boti alfajiri ya Januari bila sweta, atatetemeka hadi saa tatu. Desemba na Januari pia kuna ukungu, na boti haiondoki mpaka utawanyike.

Machi hadi Mei ni joto kali, lakini ni msimu wa asali na watalii ni wachache. Juni hadi Septemba ni masika yao: mvua ya siku nzima, mito imefura, mawimbi kwenye mikono mikubwa ya mto. Bangladesh hufunga msitu kabisa kwa wageni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 31 Agosti ili samaki na wanyama wazaliane.

Kwa nini waongozaji wanazungumzia maji kujaa na kupwa kuliko wanavyozungumzia chui?

Kwa sababu maji ndiyo yanayopanga siku. Bahari huingia na kutoka mara mbili kwa siku, kila saa sita kasoro au zaidi kidogo, na kila siku ratiba husogea kwa kama dakika hamsini. Hori, yaani mkono mwembamba wa maji kati ya mikoko, ambayo asubuhi boti ilipita bila shida, mchana ni mfereji wa tope. Kwa hiyo usishangae ukiambiwa "kesho tunaondoka saa kumi na moja na nusu" na keshokutwa ikawa saa kumi na mbili na dakika ishirini. Hakuna anayekuchezea.

Kwa anayetafuta wanyama, maji yaliyopwa ndiyo bora: kingo zimeachwa wazi, swala wanashuka kula majani ya keora yaliyodondoka, mamba wanapanda kuota jua, na chochote kinachotaka kuvuka hori lazima kipite peupe kwenye tope. Maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, sehemu kubwa ya sakafu ya msitu huzama na wanyama husogea ndani kwenye vilima vidogo. Tazama mwezi kabla ya kuchagua tarehe. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji hupwa mbali sana na kingo za tope huwa pana. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Wavuvi wetu wanalijua hili bila kufundishwa, ila wasafiri wa bara mara nyingi hawaambiwi na wakala wao.

Vimbunga je?

Vipo, na ni vikali. Miezi ya kuangalia ni Aprili hadi Mei, na Oktoba hadi Novemba. Sidr ilipiga Novemba 2007, Aila Mei 2009, Amphan Mei 2020, Yaas Mei 2021 na Remal Mei 2024. Mikoko huvunja nguvu ya upepo na mawimbi kabla havijafika vijijini na Kolkata, na wakazi wanalisema hilo kwa sababu wameliona. Tahadhari ikitolewa, boti zote husimamishwa siku kadhaa. Chukua bima ya safari na usipange ndege ya kurudi siku ile ile unayotoka msituni.

## Njia, upande na vibali

Niende upande wa India au wa Bangladesh?

India ni rahisi zaidi kufika na inafaa kwa siku mbili tatu. Unalala kwenye nyumba ya wageni kijijini au kwenye boti iliyotia nanga, na mchana unazunguka kati ya minara ya kuangalizia wanyama: Sajnekhali, Sudhanyakhali, Dobanki, na ukipata nafasi Netidhopani, palipo na magofu ya hekalu la kale. Idadi ya boti zinazoruhusiwa Netidhopani kwa siku ina kikomo, kwa hiyo omba mapema.

Bangladesh ni safari ya meli. Unapanda Khulna au Mongla, unalala humo humo siku tatu hivi, na unashuka hadi karibu na bahari: Harbaria, Kotka, Kochikhali, Hiron Point. Unaambatana na askari wa misitu mwenye bunduki, na pale Kotka unaruhusiwa kutembea kwa miguu hadi ufukweni. Kwa maoni yetu, anayependa ukimya aende Bangladesh. Mwenye siku chache au mwenye watoto aende India.

Naweza kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa boti?

Kwa boti za watalii za kawaida, hapana. Mpaka unapita katikati ya mito na unalindwa. Ukitaka pande zote mbili, rudi Kolkata, vuka kwa njia rasmi ukiwa na viza mbili, kisha uteremke Khulna.

Nafikaje kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Kampala?

Hakuna ndege ya moja kwa moja kwenda Kolkata. Wengi hupitia Dubai au Doha, au hutua Mumbai kisha wakapanda ndege ya ndani. Kutoka Kolkata hadi gati la Godkhali ni kama kilomita 100 kwa gari, na foleni ya kutoka mjini huifanya iwe saa tatu hadi nne. Wenye mfuko mwepesi hupanda treni ya abiria kutoka stesheni ya Sealdah hadi Canning, halafu gari dogo la kuchangia hadi Godkhali. Treni ya asubuhi inayoelekea Canning haina shida, kwa kuwa umati wakati huo unakuja mjini. Ya jioni ndiyo utakayosimama mguu mmoja.

Kwa Bangladesh, tua Dhaka. Daraja la Padma lililofunguliwa Juni 2022 limefupisha sana safari ya gari hadi Khulna. Zamani ilibidi kusubiri kivuko.

Viza na chanjo?

Raia wa nchi nyingi za Afrika Mashariki huomba viza ya India mtandaoni. Tumia tovuti ya serikali yenyewe, maana zipo nyingine zinazofanana nayo na kutoza zaidi. Viza ya Bangladesh ulizia ubalozini kwao kabla ya kulipia chochote.

Jambo linalowanasa watu ni kadi ya homa ya manjano. India ni wakali sana kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, zikiwemo Kenya, Uganda na Kongo. Bila kadi unaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, na karantini hiyo haiko kwenye bajeti yako. Chanjo lazima iwe imefikisha siku kumi kabla ya kuwasili. Hata Mtanzania abebe kadi yake, kwa kuwa huenda akapitia Nairobi njiani.

Kibali cha kuingia msituni natoa wapi?

Mwenye boti hukushughulikia, lakini lazima umpe nakala ya pasipoti mapema na ubebe pasipoti halisi siku ya safari. Ada ya mgeni wa nje ni tofauti na ya raia, na kamera za video hulipiwa zaidi. Kila boti lazima ichukue mwongozaji aliyesajiliwa na idara ya misitu. Akikosekana, boti haiendi. Usikubali kuambiwa "tutampata njiani".

## Siku kwenye boti

Siku moja inakuwaje?

Alfajiri unapewa chai ya maziwa kwenye kikombe kidogo na biskuti. Injini inaanza, ile ya boti za mbao inayopiga pu-pu-pu mpaka wenyeji wakaziita boti hizo *bhotbhoti*. Mpishi tayari yuko nyuma kwenye jiko la gesi anakata vitunguu. Mnapita mto mpana, mnaingia hori, nahodha anapunguza mwendo, na kuanzia hapo kazi ni kutazama. Mchana mnasimama kwenye mnara mmoja au miwili. Mbele ya kila mnara kuna bwawa la maji baridi lililochimbwa na idara ya misitu, maana maji ya msituni yote ni ya chumvi, na wanyama huja hapo kunywa. Upande wa India, kabla ya giza lazima boti zote ziwe zimetoka ndani ya hifadhi.

Siku ngapi zinatosha?

Usiku mbili ndicho kiwango cha chini tunachoweza kukupendekezea. Ziara ya siku moja kutoka Kolkata ipo na inauzwa kwa bei poa, lakini kwa jumla saa sita hadi nane unakuwa barabarani, na unaingia msituni mchana wa jua kali wakati hata kima wamelala.

Naruhusiwa kushuka kutembea msituni?

Upande wa India, hapana, isipokuwa ndani ya uzio wa minara na kwenye njia ya juu ya Dobanki, ambayo imeinuliwa na kufungwa wavu pande zote. Inachekesha kidogo: wewe ndiye unayetembea ndani ya kizimba na wanyama wako huru nje. Bangladesh kuna sehemu chache za kutembea, mkiwa kundi moja na askari mbele au nyuma.

Chakula, na je, ni halali?

Chakula ndicho sehemu ya safari isiyo na bahati nasibu. Ni wali, dengu, samaki wa haradali, kamba wa nazi, kaa, na msimu wa mvua hilsa, samaki mwenye miba mingi ambaye Wabengali wangeweza kugombana kwa ajili yake. Mla pilipili wa Pemba hatalalamika.

Bangladesh halali si swali. India mwambie mwenye boti mapema. Kwa kuwa mlo mwingi ni samaki na mboga, ni jambo dogo, na kuku wa halali hununuliwa kabla ya kuondoka. Kuswali kwenye boti hakuna tatizo, ila kibla hugeuka kila boti inapokata kona.

Nibebe nini?

Darubini, kuliko lenzi kubwa. Kofia, mafuta ya jua, dawa ya mbu, dawa zako binafsi, na nguo za rangi ya udongo au majani. Pesa taslimu toa Kolkata au Khulna. Pawa benki ni lazima. Mtandao hupatikana karibu na vijiji na kupotea ukishaingia ndani. Kuhusu malaria, zungumza na daktari wako. Chupa na mifuko ya plastiki haitakiwi hifadhini, kwa hiyo beba chupa ya kujaza.

Uliza pia mambo mawili kabla ya kulipa: majaketi ya kuokolea maisha yapo ya kumtosha kila mtu? Na boti ina spika za muziki? Kuna boti za tafrija zinazoingia na muziki mnene siku za sikukuu. Ukiona spika kubwa juu ya paa, tafuta nyingine.

## Chui milia na usalama

Ni kweli wanakula watu?

Ni kweli. Kwingineko chui milia humkwepa binadamu. Hapa watu wameuawa kwa vizazi, na bado wanauawa. Wanaopatwa karibu wote ni wenyeji wanaoingia kwenye hori nyembamba kwa mitumbwi midogo kuvua, kukamata kaa au kurina asali, na kushuka kwenye tope wakiwa wameinama. Mnyama hutokea nyuma.

Sababu zinajadiliwa hadi leo. Wengine husema ni maji ya chumvi, wengine uhaba wa mawindo, wengine kwamba watu wameingia kwa wingi miaka mingi hadi chui wakawazoea kama windo. Tunachokiona cha maana zaidi ni umaskini: mwenye shamba lisiloharibiwa na maji ya chumvi haendi kwenye hori kukamata kaa.

Na mimi mtalii?

Ukiwa juu ya boti kubwa mchana, hatari ni ndogo sana. Chui milia wa hapa ni mwogeleaji hodari, anavuka mikono ya mto yenye upana wa kilomita na zaidi, na amewahi kupanda mitumbwi ya wavuvi usiku. Ndiyo maana boti za watalii hutia nanga katikati ya mto na si ukingoni. Usining'inize miguu nje, usichote maji kwa mkono. Hilo la pili ni kwa ajili ya mamba.

Niliona picha za watu waliovaa vinyago kisogoni. Bado wanavaa?

Jaribio lilianza mwaka 1986: chui hushambulia kutoka nyuma, basi akiona uso kisogoni atadhani ameonekana. Mwanzoni lilisaidia sana. Baadaye wengi wakaacha, wakisema chui ameshaujua mchezo. Siku hizi kinachoonekana zaidi ni wavu wa nailoni uliotundikwa kwenye nguzo, kilomita nyingi kandokando ya msitu unaotazamana na vijiji. Ukiuona kwa karibu utashangaa, maana ni mwembamba na hauwezi kumzuia mnyama mwenye nguvu kama yule akiamua. Lakini hapendi kunaswa, na tangu wavu uwekwe chui wanaoingia vijijini wamepungua.

## Watu wa msitu

Kuna watu wanaoishi humo ndani?

Ndani ya hifadhi hakuna. Upande wa India delta ina visiwa 102. 54 vina watu na vilivyobaki ni msitu. Wakazi ni zaidi ya milioni nne. Vijiji vingi viko chini ya usawa wa maji ya bamvua, vimezungukwa na tuta la udongo, na tuta likipasuka chumvi huharibu mashamba kwa misimu kadhaa.

Bonbibi ni nani? Namwona kwenye vibanda kila mahali.

Ni mlinzi wa msitu, na wanaomheshimu ni Wahindu na Waislamu pamoja. Kwa masimulizi, baba yake alitoka Makka, naye akatumwa na Mungu kwenye nchi ya maji na matope pamoja na ndugu yake Shah Jangali ili kumdhibiti Dakkhin Rai, jitu linalojigeuza chui milia.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Dukhe, mtoto wa mjane. Ami yake Dhona alimchukua msituni kutafuta asali. Dakkhin Rai akamtokea Dhona na kumpa sharti: niachie mtoto, nitakujazia mashua asali na nta. Dhona akakubali, akamwacha kijana kisiwani. Dukhe akakumbuka maneno ya mama yake, akamwita Bonbibi, naye akaja kabla chui hajaruka. Sanamu zake nyingi humwonyesha akiwa na mtoto mapajani, na chui pembeni.

Warina asali humwomba kabla ya kuingia, na sharti lake linafahamika: ingia bila tamaa, chukua unachohitaji, toka. Waongozaji wengi hawalitaji jina la chui wakiwa ndani ya msitu, humwita mjomba. Ukiwa nao, nawe fuata hivyo. Kuna kibanda chake pale Sajnekhali. Vua viatu na usigeuze mgongo kupiga selfi.

Wakala ananiuzia ziara ya kuwatembelea "wajane wa chui". Niende?

Sisi tungekataa, kama ziara yenyewe ni kupanga wanawake mstari na kupigwa picha. Wanawake hawa wengi walilaumiwa kuwa ndio walioleta mkosi, na mume akiuawa mahali asipokuwa na kibali familia imekuwa ikihangaika kupata fidia. Ukitaka kuwasaidia, nunua kazi za mikono kwenye vikundi vyao na ulipe bei wanayotaja.

Asali ya kweli ninunue wapi?

Kwenye maduka ya idara ya misitu na ya vyama vya ushirika vya warinaji. Asali inayosifiwa zaidi ni ya maua ya khalsi, nyepesi na ya rangi ya kung'aa, inayopatikana mwanzo wa msimu, Aprili. Ya kwenye chupa ya soda kando ya barabara ni bahati yako.

## Hali za pekee

Watoto na wazee wanaweza kwenda?

Wanaweza. Ugumu uko kwenye kupanda na kushuka: maji yakipwa, ngazi za gati hubaki na utelezi na ubao wa kuvukia huwa umeinama sana. Kwa mzee mwenye magoti mabovu, mwombe nahodha apange kushuka maji yakiwa yamejaa. Mtoto mdogo avae jaketi la kuokolea muda wote akiwa nje.

Droni na simu ya setilaiti?

Droni hairuhusiwi bila kibali maalumu, iache nyumbani. Simu ya setilaiti ni jambo zito zaidi. Kuingia nayo India bila ruhusa ni kosa, na wageni wamewahi kukamatwa viwanja vya ndege kwa vifaa vidogo vya setilaiti ambavyo kwetu waongozaji wa mlimani huvibeba bila kufikiri. Kagua begi lako.

Nimemaliza siku zangu na sikumwona hata mkia. Kuna njia nyingine?

Jharkhali, upande wa India, kuna kituo kinachotunza chui milia waliookolewa, na utawaona nyuma ya uzio. Si sawa na porini, lakini watoto hufurahi. Pale Sajnekhali kuna pia madimbwi ya kasa wa mtoni aina ya Batagur baska, miongoni mwa kasa walio hatarini zaidi duniani, ambao huzalishwa hapo na kurudishwa mtoni. Watalii wengi huwapita wakikimbilia mnara. Kama ukungu umechelewesha boti, simama hapo.